Koti Nililomnyima Rebeka

Kuna asubuhi moja ya Desemba, mwanangu, ambayo nikiifikiria hata leo uso wangu hupata moto. Nilikuwa soko la Toi, hapa Nairobi, nimeinama juu ya rundo la makoti ya mitumba, jua limeshaanza kunichoma mgongo, nikasikia mtu akiniita kwa nyuma, "Mama Brenda, acha hiyo kazi kidogo." Alikuwa Rebeka, mke wa Festo. Festo ni ndugu mdogo wa mume wangu Habil, kwa hiyo mimi na Rebeka tumeolewa boma moja, mimi kwa mkubwa, yeye kwa mdogo. Alikuwa ametoka kwake Kawangware kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, na alikuwa akicheka peke yake.

Nakusimulia haya, wewe ninayekuita mwanangu ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu ya jana. Ulikaa hapo kwenye stuli ukatazama simu yako, ukanionyesha picha ya rafiki yako na mumewe wamesimama kwenye theluji huko ng'ambo, wamevaa kofia za sufu, na watoto wao wameachwa kwa shosho, nyanya yao. Ukasema, "Mama gani huyu anaacha watoto aende kucheza na barafu?" Hukujua kwamba maneno hayo niliwahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, na ulikuwa hujazaliwa. Basi kaa vizuri, chai hiyo iache ipoe.

Rebeka hakuweza hata kungoja aketi. "Loise ametutumia tiketi," akasema. "Mimi na Festo. Tunaenda kwake Januari, wiki mbili."

Loise ni wifi yetu, dada ya waume zetu. Ni muuguzi, na wakati huo alikuwa amekaa Ujerumani miaka mingi.

"Na watoto?" nikauliza. Hilo ndilo lililokuwa neno langu la kwanza. Sikusema hongera.

"Watoto wanabaki. Amesema tuende wawili tu, tupumzike. Ametutafutia kanyumba huko juu milimani, kwa barafu, tukae wiki nzima peke yetu. Anasema ni ile hanimuni tulikosa baada ya harusi." Akacheka tena, akajifunika mdomo. "Mimi nakuja kukuomba unikalie na watoto. Na Mama pia. Hakuna mtu mwingine naweza kuachia."

Nikamwambia ndiyo, bila shaka, watoto ni wetu sote. Nilisema vizuri sana. Kisha akaenda zake na mimi nikarudi kwenye makoti yangu, na nakuambia ukweli, sikumbuki nilimuuzia nani nini siku hiyo.

Wivu mimi naujua kwa mwili, mwanangu. Ulinishika hapa chini ya kifua, ukakaa. Chai nilikuwa naiona chungu. Nikipika nachoma, nikifua nasahau nguo ndani ya beseni. Na kichwani nilikuwa na kesi, kila siku naisikiliza upya na kila siku mimi ndiye ninayeshinda. Mimi ndiye mke wa mkubwa. Mimi ndiye niliyeolewa kwanza. Loise alipokuja Nairobi kusomea uuguzi, msichana mwembamba na sanduku la mbao, alilala kwangu, hapa mtaani Lindi, miezi mitatu, akala ugali wangu, na Habil akamtengenezea meza ya kusomea. Leo tiketi zimetoka, na jina langu halimo.

Kitu ambacho kesi yangu haikutaja ni Mama. Mama mkwe wetu, ambaye watoto wote walimwita Guku, maana ndivyo sisi watu wa Vihiga tunavyomwita nyanya, alikuwa ameanguka nyumbani akavunjika nyonga. Akaletwa Nairobi kutibiwa, na baada ya hospitali ikabidi akae mahali. Mimi nilisema chumba changu ni kidogo. Kilikuwa kidogo kweli, lakini cha Rebeka hakikuwa kikubwa. Akamchukua yeye. Mwaka mmoja na nusu alimwosha, akamgeuza, akampeleka chooni amemshika kiunoni, mpaka Guku akaanza kutembea na fimbo. Loise alikuwa akijua hayo yote, na ndiyo maana zile tiketi zilitoka. Hata mimi nilijua. Nilichagua kutofikiria upande huo.

Usiku wa siku ile ya habari ya tiketi nilimuuliza Habil kama mimi na yeye tutawahi kwenda mahali. Alikuwa fundi wa vitanda pale Sarang'ombe, mtu mpole, mikono imejaa gundi.

"Twende wapi?" akauliza.

"Mahali popote. Hata Nakuru."

"Nakuru tuna nani?"

Alikuwa anauliza kweli, hakuwa ananidhihaki. Kwake safari ni kwenda kwa mtu: mazishi, harusi, mgonjwa. Mume na mke kupanda gari ili wakae tu wakiangaliana, hilo hakuwahi kulisikia. Hata mimi sikuwa nimewahi kulisikia mpaka Rebeka aliponiletea pale sokoni. Sasa nilikuwa nimelisikia na nilikuwa nalitaka kuliko chakula.

Huwezi kutembea mtaani ukisema unaona wivu. Kwa hiyo nilianza kuwahurumia watoto. Nikikutana na mama wa kanisa kwenye kioski, namwambia, "Wale wadogo wataachwa, kitinda mimba ana miaka minne tu." Nikiwa kwenye foleni ya maji naeleza jinsi mtoto anavyoweza kuugua mama akiwa mbali. Wanawake walitikisa vichwa, wengine wakasema mimi nina roho nzuri. Kufikia Krismasi nusu ya Lindi ilikuwa inamshangaa Rebeka, na hakuna aliyejua maneno yalianzia kwangu. Kwenye picha za rafiki yako jana, mwanangu, wewe pia ulianza na watoto. Nilikuangalia nikajiona.

Lakini maneno yangepita. Kilichofuata ndicho kibaya.

Wiki moja baada ya Mwaka Mpya nilifungua belo la makoti. Sisi tunaouza makoti tuna wakati wetu, ni Juni na Julai, Nairobi ikiwa imefunikwa na mawingu. Januari hakuna anayetaka koti, unafungua tu kwa kuwa belo limekuja kwa bei nafuu. Ndani, katikati, nikatoa koti moja la rangi ya matope, kubwa, limezibwa kwa utepe kwenye mkono. Mtu asiyejua angelitupa. Mimi nililibinya kwa mkono mmoja, likawa dogo kama ngumi, nikaliachilia, likaanza kufura polepole mpaka likarudi lilivyokuwa. Hapo nikajua. Ndani yake kulikuwa na manyoya laini ya bata. Koti la namna hiyo ni jepesi kama shuka, na halipitishi baridi ya aina yoyote. Wateja wetu wengi hawajui hilo. Wao hupima kwa uzito, wakidhani koti zito ndilo lenye joto, na kwa Julai ya Nairobi hawapotezi kitu. Kwa kule alikokuwa anaenda Rebeka ingekuwa kosa kubwa.

Nataka unielewe: nilipolitoa, mkono wangu wenyewe ulilitenga. Nilisema kwa sauti, "Hili la Rebeka." Mimi na yeye tulikuwa tunapendana. Miaka tisa tulikuwa tumesukana nywele, tumezikiana wazee, tumekopeshana sukari. Nililikunja nikaliweka nyuma ya kiti changu.

Rebeka alifika mchana akiwa na pasipoti mpya, anaitoa kwenye mfuko wa nailoni, anairudisha, anaitoa tena. Tukaketi. Akaniambia habari za uwanja wa ndege, za chakula cha ndege, za jinsi Festo alivyonunua soksi saba. Mimi nilikuwa nasikiliza vizuri tu. Kisha akainama akaniambia karibu na sikio, "Unajua Festo amesema nini? Amesema huko tutatembea tumeshikana mikono barabarani, hakuna mtu anatujua."

Sijui kwa nini hilo ndilo lilinikata. Si ndege, si milima. Habil hajawahi kunishika mkono barabarani. Sisi watu wa kwetu hatukufanya mambo hayo, mume alitangulia, mke akafuata na mzigo. Na huyu mdogo wangu, aliyeolewa nyuma yangu, alikuwa anaenda mahali ambapo atashikwa mkono mchana mbele za watu. Nilihisi machozi, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Alipoinuka kuangalia makoti, nilisukuma lile la matope kwa kisigino, likaingia chini ya meza, ndani ya gunia.

Yeye akachagua kwa macho, kama wateja wote. Akatoa koti la bluu nyeusi, refu, la vifungo vya dhahabu na kola ya manyoya, zito la kuvunja bega. Lilikuwa zuri, siwezi kudanganya. Lakini nililijua. Lilikuwa koti la mjini, la kutokea kwenye gari na kuingia kwenye jengo, na kitambaa cha ndani kilikuwa kimechakaa hadi unaona mwanga. Akalivaa jasho likamtoka papo hapo.

"Mama Brenda, wewe ndio unajua," akasema. "Hii itanifaa kweli huko?"

"Itakufaa," nikasema. "Hiyo ni kamera." Kamera ndiyo sisi tunaita nguo ya kwanza, ile bora kabisa ikitoka kwenye belo.

Akafungua pochi, nikamkataza. Nikasema ni zawadi yangu. Tena nikasema, "Usilibebe leo, nitakuletea mwenyewe siku ya maombi." Unaona nilivyokuwa? Nilitaka nionekane nikilitoa.

Siku ya maombi ya kuwaaga, nyumba ya Rebeka kule Kawangware ilijaa mpaka mlangoni. Kila mtu alileta kitu cha Loise: unga wa wimbi, omena, wale dagaa wakavu, iliyofungwa karatasi tatu ili ndege isinuke, mboga zilizokaushwa. Wamama wa kanisa waliimba, mzee wa kanisa akaombea ndege na rubani. Kisha nikasimama mimi na lile koti, nikamvika Rebeka mabegani mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Guku alikuwa ameketi kwenye kiti chenye mto, fimbo magotini. Alifuta machozi kwa ncha ya kitambaa akasema, "Hivi ndivyo nilitaka wake za wanangu waishi." Nilirudi kuketi. Moyo wangu haukunisuta hata kidogo siku ile, na hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Wakaondoka. Guku na wale watoto watatu wakaja kwangu Lindi na magodoro yao. Tulikuwa watu wanane, pazia katikati. Mchana bati lilikuwa linatema moto, maji yalikuwa hayaji, mimi nabeba mitungi na kusema moyoni, sasa hivi wako wanaangalia milima. Nikimkuna Joy mgongo, yule wa miaka minne, nasema, sasa hivi ameshikwa mkono. Nilikuwa nawapenda wale watoto, nakuapia, na nilikuwa nawalisha vizuri, lakini kila nilichowafanyia nilikifanya huku nikimsema mama yao.

Siku ya nne Joy akapata homa. Walikuwa wamekwenda nyumbani Vihiga Krismasi na alirudi na malaria. Kiliniki walimpa dawa, wakasema afunikwe vizuri baridi ikimshika. Nikaenda kuchota maji. Niliporudi, nilimkuta amelala kwenye kitanda chetu, hatetemeki tena, amefunikwa koti la rangi ya matope hadi kidevuni. Gunia lilikuwa wazi sakafuni. Guku alikuwa amelipata chini ya kitanda, mahali nilipolificha nilipolitoa sokoni, na alikuwa ameketi kando akilibinya kwa vidole na kuliachilia, akilibinya na kuliachilia.

"Hili ni la nani?" akauliza.

"La mteja, Mama. Ameniwekesha."

"Mtoto amepata joto mara moja. Na ni jepesi." Akaniangalia. "Mteja anaenda wapi na koti hili mwezi wa kwanza?"

Nikasema sijui, nikaenda kumimina maji. Hakuuliza tena.

Siku mbili baadaye simu ya Habil ililia tukiwa tunakula chakula cha mchana. Ilikuwa Loise. Nilimwona mume wangu akiweka kijiko chini. Walikuwa wamefika kule milimani, gari la moshi likawashusha, na kutoka kituoni hadi kwenye ile nyumba kulikuwa na mwendo mrefu kwenye theluji. Rebeka alikuwa amefika akiwa haongei. Kesho yake kifua kikambana, akapelekwa hospitali. Nimonia. Alikuwa amewekewa hewa puani, na Festo alikuwa analala kwenye kiti.

Habil alikwenda nje. Watoto wakubwa wakaanza kulia. Mimi nilikusanya sahani.

Guku alingoja watoto watoke. Kisha akasema kwa Kilogoli, lugha ya kwetu, pole pole, nami nakupa kwa Kiswahili, "Nilipovunjika ulisema chumba chako ni kidogo. Nikakuamini. Nikamwambia Loise, mke wa Habil angenichukua, ni vile chumba ni kidogo. Nimekaa hapa siku sita. Tumetosha sote."

Nikaanza kusema kitu, akainua mkono.

"Sitaki kusikia. Habari ya lile koti sitamwambia Rebeka, na sitamwambia mwanangu. Utamwambia wewe. Utangoja apone arudi, aketi vizuri, ndipo umwambie. Na mpaka siku hiyo utakuwa unaomba kwa Mungu awepo wa kuambiwa."

Sijawahi kuomba vile, mwanangu, kabla wala baadaye. Nilikuwa naosha Joy namwomba Mungu, napanga makoti namwomba Mungu. Wakati huo wivu ulikuwa umekwenda wapi? Ulipotea kabisa, kama haukuwahi kuwepo. Hiyo ndiyo tabia yake. Hukuachia kazi iliyofanyika, wenyewe ukaenda.

Alipona. Walirudi wakiwa wamechelewa wiki moja, amekonda, suti ya safari inamning'inia. Ile milima aliiona kupitia dirisha la hospitali. Wiki nzima waliyopewa wakae peke yao ilikwisha yeye akiwa kitandani na mumewe akiwa kitini, na hakuna ambaye angeweza kuwapa wiki nyingine.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kawangware peke yangu, nimebeba gunia. Rebeka alikuwa ameketi mlangoni akiota jua. Akafurahi kuniona. Akaanza kunishukuru kwa ajili ya Joy, nikamwambia ngoja. Nikatoa koti nikamwekea magotini.

"Nini hii?"

"Libinye."

Akalibinya, akaliachilia, likafura. Alibinya tena. Hakuwa mjinga.

"Ulipata lini?"

"Kabla uende. Lilikuwa chini ya meza siku ile ulichagua lile la bluu. Nilikuwa nimekuwekea wewe, nikalificha."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, tukasikiliza huo mchi.

"Loise alilishika lile la bluu pale uwanja wa ndege, akacheka," akasema hatimaye. "Akasema hii ni ya kuendea harusi, twende nikununulie ingine. Mimi nikakataa. Nikamwambia mke wa Habil anauza makoti, hawezi nipatia kitu mbaya. Nikakasirika hata. Nikamwambia wewe umekaa Ulaya umesahau watu wako."

Nilitaka ardhi inifungukie. Akaniuliza, "Kwa nini, Mama Brenda?"

"Nilikuonea wivu," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka mdomoni mwangu. Lilikuwa dogo sana lilipotoka. "Ule mkono. Uliposema Festo atakushika mkono."

Nilidhani atanifukuza. Alichofanya ni kucheka kidogo, akakohoa, akashika kifua.

"Mimi ndiye nilikuwa nakuonea wivu wewe," akasema. "Ule mwaka na nusu. Ulikuwa unakuja Jumapili na ndizi zako, unakaa na Mama saa moja, unarudi Toi kwa watu wako, unacheka na wateja. Mimi naangalia vile unavuka mtaro ukienda, nasema, Mungu, huyu mwanamke ana bahati. Siku zingine nilifunga mlango nikalia. Tiketi ilipokuja nilikimbia kukuambia kwanza, nikasema leo hata mimi niko na kitu."

Hapo nililia mimi. Tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja anatamani maisha ya mwenzake, na miaka yote hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Angeniambia, ningemchukua Guku hata wikendi. Ningemwambia pale sokoni, natamani ingekuwa mimi, tungecheka, angeniambia nitakuletea hata jiwe la huko. Na angekwenda amevaa koti lake.

Alinisamehe. Alisema hivyo, na alikuwa mtu wa neno lake. Koti hakulichukua, akasema nipeleke nikauze. Lakini Julai ikifika kifua humbana, mpaka leo, na kila nikimsikia akikohoa mimi hutoka nje. Tena kuna hili. Tulikula pamoja, tuliozesha watoto pamoja, tulimzika Guku tumesimama bega kwa bega. Ila tangu siku ile Rebeka hajawahi kuniuliza tena ushauri wa nguo. Huja Toi, hunisalimu, hukaa, kisha huenda meza ya mtu mwingine kununua. Hafanyi kwa ubaya. Ni vile tu ndani yake kuna kitu kilijifunga, na mimi ndiye niliyekifunga.

Sasa sikia ninachotaka ubebe. Sikukatazi kuona wivu. Anayekuambia hajawahi kuuona anakudanganya, na ukijaribu kuukaza ndani utatoka kwa mlango mwingine ukiwa umevaa huruma, au dini, au mapenzi ya watoto wa watu. Ukijisikia unamhurumia mtoto ambaye mama yake yuko mahali unapotamani kuwa wewe, simama hapo hapo ujiulize unamhurumia nani. Kisha mpigie huyo rafiki yako. Leo, usingoje arudi. Mwambie picha ni nzuri na umeona wivu mpaka umekunja uso. Atacheka. Pengine atakuambia jambo la maisha yako ambalo yeye hulala akilifikiria. Kama huwezi kumwambia yeye, mwambie mumeo, au njoo uniambie mimi, sitashangaa. Uuseme kwa mdomo ungali mdogo, kabla haujaenda mikononi. Na mtu akikuuliza, "Hii itanifaa?" hata kama siku hiyo unamchukia, mjibu ukweli, maana amekuachia mwili wake.

Inuka sasa uende, mwanangu, watoto wako watatoka shule. Mungu akupe safari zako mwenyewe, na mtu wa kukushika mkono humo njiani. Akupe rafiki anayeweza kukuambia usoni kwamba anakuonea wivu. Na akulinde na yule mwanamke niliyekuwa, awe ni jirani yako au awe ndani yako. Amina.